Kilio kwa Kijiko

Habari hii nilipewa na Yusta Ndelwa mwenyewe, mwaka ule magari ya kuning'inia kwenye waya yalipoanza kupita juu ya bonde letu huku Makete. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya kugandisha maji ndooni. Tulikuwa jikoni kwake tunachambua viazi vya mbegu, vizima huku, vilivyoguswa na barafu kule. Alianza kusimulia bila kuulizwa, na hakuinua macho kutoka kwenye viazi mpaka alipomaliza. Naandika kama alivyosema.

Wakati mambo haya yanatokea Yusta alikuwa na miaka sitini na minane. Mumewe alikuwa amekwisha kufa. Watoto wake wawili wako mbali, mmoja Mbeya, mwingine nchi yenye baridi kuliko hii yetu, huyo anamwona kwenye kioo cha simu Krismasi hadi Krismasi. Aliyebaki karibu ni dada yake, Ezelina, ng'ambo ya bonde. Mlango kwa mlango ni mwendo wa saa moja na nusu, kushuka mtoni na kupanda tena, na magoti yao wote wawili yalikuwa yamechoka. Kwa hiyo walisalimiana kwa moshi. Ezelina akiamka anawasha moto. Yusta akiuona moshi wa dada yake umetoka juu ya ukungu, naye anawasha wake. Simu walikuwa nazo. Lakini Yusta alisema kwenye simu Ezelina alikuwa na malalamiko mengi, na moshi haulalamiki.

Na chini ya mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, Yusta alikuwa na kunde.

Siku hizi watu wanaijua, wakati ule ilikuwa bado ngeni. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya kunde, kinaingizwa chini ya ngozi kwa sindano, hata kovu hakiachi. Kinasikiliza moyo unavyopiga na pumzi inavyokwenda, kinapeleka habari hiyo hewani mpaka kwenye kunde nyingine iliyo kifuani kwa mtu mwingine, hata akiwa mbali. Na huyo mtu mwili wake unafuata. Wewe ukitulia naye anatulia, kama mtoto mgongoni anavyolala kwa pumzi ya mama yake. Anayetoa utulivu walimwita mwegemewa. Anayepokea walimwita mwenza.

Aliyemletea ni Daktari Namsifu Mgonja, mwanamke wa Upare aliyekuwa anaendesha utafiti huo kwenye Kituo kule mlimani. Alimweleza polepole, wameketi hapohapo jikoni. Alisema wako watu ambao ugonjwa wao hauko kwenye ini wala kwenye mapafu, uko kwenye haiba, yaani namna mtu anavyopenda, anavyoogopa, anavyokasirika. Leo anakupenda kama mama yake mzazi. Kesho umechelewa dakika kumi kumjibu, anakuona adui, anavunja vitu, anaondoka, halafu analia kwa kuwa yuko peke yake. Majirani wanasema ana tabia mbaya na wanafunga mlango. Daktari alipokuwa bado mwanafunzi alishangaa kuona watu hao wanakufa mapema kuliko wenzao, na wengi hawafi kwa haiba. Wanakufa kwa sukari, kwa presha, kwa kidonda. Maana ugonjwa wa sukari unataka urudi kliniki kila mwezi, na kurudi kliniki kunataka uvumiliane na nesi. Akigombana na nesi mwezi wa tatu, mwezi wa nne hayupo, mwaka wa pili amekatwa mguu.

"Dawa tunazo, mama," daktari alisema. "Tunachokosa ni kitu cha kumfanya abaki kwenye foleni."

Yusta alivyochaguliwa ni kituko. Waliitwa watu zaidi ya mia pale shuleni, wakabandikwa nyaya, kisha akaja mtumishi mmoja wa Kituo aliyepangwa kumtukana kila mtu kwa zamu yake. Wengine walimrushia viti. Yusta alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama amekula, kwa sababu aliona midomo yake imepauka. Mashine haikutikisika. Daktari Namsifu alicheka mpaka akashika ukuta. Yusta aliniambia haukuwa upole ule. Alikuwa amekaa kimya miaka mingi, na mwili ulikuwa umesahau kushtuka.

Alikubali kwa sababu daktari alisema, utakuwa na mtu. Ndivyo alivyosikia yeye. Baadaye akaelewa kwamba huyo mtu ndiye atakayekuwa na Yusta. Yeye mwenyewe hatahisi chochote, kunde yake ilikuwa ya kutoa tu. Haruhusiwi kujua jina, wala ugonjwa mwingine zaidi ya sukari, wala mji. Aliambiwa tu kwamba ni mtu aliyedanganywa na watu aliowaegemea. Kitu kimoja tu kilirudi. Walimfungia kibao ukutani, juu ya rafu ya vikombe, na asubuhi mwenza akijidunga sindano yake ya sukari, nukta ndogo ya kijani inawaka hapo, inakaa mpaka jua linazama. Na daktari aliomba jambo moja zaidi. Alale mapema, saa tatu iwe imemkuta kitandani, maana huko aliko mwenza hapati usingizi mpaka mwegemewa wake apate.

Basi kwa miaka miwili asubuhi ya Yusta ilikuwa na vitu viwili, moshi wa Ezelina mlangoni na nukta ya kijani ukutani. Akishaviona vyote anakunywa chai.

*

Jumanne moja mwezi wa tatu nukta iliwaka, moshi haukutoka.

Alidhani kuni zimelowa. Alisimama mlangoni na kanga mabegani mpaka ukungu wote ukapanda na nyumba ya dada yake ikaonekana wazi, bati jekundu, mlango umefungwa. Akapiga simu. Ikaita mpaka ikachoka. Akachukua fimbo, akashuka.

Alisema pale mtoni, katikati ya daraja la magogo, ndipo alipojua. Moyo ulianza kukimbia, na papo hapo akamkumbuka yule mtu. Kituo kilikuwa kimemfundisha, pumzi nne ndani, sita nje. Alisimama juu ya magogo, maji yanapita chini, akahesabu nne, akahesabu sita, mpaka moyo ukarudi chini. Akapanda kidogo, ukakimbia tena, akasimama tena. Mara tatu alisimama kabla hajafika.

Ezelina alikuwa amelala upande, kiganja chini ya shavu. Mwili ulikuwa wa baridi. Kando ya jiko kuni zilikuwa zimepangwa tayari tangu jioni.

Yusta alimfunika uso, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Hajamwita mtu bado, simu ikalia mfukoni. Alikuwa Daktari Namsifu.

"Mama Yusta, naona moyo wako umepanda na kushuka mara tatu. Uko wapi?"

"Niko kwa dada. Amefariki."

 Daktari akasema pole sana, mama, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesahau maneno mengine.

"Nimepoa," Yusta alisema. "Niambie mwenzangu yukoje."

Haikuruhusiwa, lakini alimwambia. Mwenza ni mwanamke, yuko wodini, ana kidonda mguuni. Alhamisi atapasuliwa, wakiwahi mguu utapona. Mara mbili miaka ya nyuma alilazwa hivyohivyo, akang'oa dripu na kutoroka kwa sababu nesi alimsemesha vibaya. Safari hii amekaa siku tisa. Hajawahi kukaa siku tisa mahali popote ambapo watu wanamwamuru.

"Na mkiizima hii kunde yangu mpaka nimalize kuzika?"

"Ikizimwa ghafla atajua ameachwa, mama. Hicho ndicho anachokiogopa kuliko kisu. Mwaka jana mitambo iliharibika, watu watatu wakakatikiwa. Wawili walitoka hospitali wiki hiyohiyo."

Hakusema walikwenda wapi, na Yusta hakuuliza.

"Basi mpaka Alhamisi," alisema.

"Sikuombi, mama."

"Najua hujaniomba."

*

Kwetu dada wa marehemu haingii uani kimya. Anaanzia njiani, wanawake wanamsikia, wanatoka kumpokea, wanamshika kwapani na kuingia naye. Kilio chake ndicho kinachofungulia vilio vya wengine. Asipolia yeye, wanaofuata hawajui waanzie wapi.

Yusta alikuwa amerudi kwake kuchukua nguo. Alipokuja tena jioni, wanawake walikuwa wamesimama langoni wanamngoja, mikono imenyooshwa tayari. Alikuja kinywa kimefungwa, anahesabu nne, anahesabu sita. Alipita katikati yao. Aliiona mikono ile inashuka mmoja mmoja, na aliniambia kitu hicho ndicho kilichomuuma kuliko maneno yote yaliyofuata.

Maneno yalitoka kwa Tuntufye, binti pekee wa Ezelina, mwenye mji wake kule juu kwenye misonobari.

"Mama mdogo," alimwambia. "Hata tone?"

Yusta akajibu kwamba atalia, si sasa. Tuntufye akamtazama.

"Mama aliwasha moto kila siku kwa ajili yako. Aliamka na homa akawasha. Anasema Yusta ataogopa asipouona moshi. Leo umekuja kama mtu wa sensa."

Nyuma yao mwanamke mmoja akasema mwacheni, kilio chake amekiazimisha, na wengine wakaficha midomo kwenye kanga. Maana kunde wote waliijua, hata kama hawakujua vizuri inavyofanya kazi.

Nilimuuliza kwa nini hakueleza. Akageuza kiazi mkononi. Alisema alijaribu kuyapanga maneno kichwani. Simlilii dada yangu kwa sababu kuna mtu nisiyemjua ana kidonda mguuni. Alijisikiliza akayaona maneno hayo hayafai kusemwa kwenye msiba wa mtu. 

Hakupewa nafasi kwenye mkeka wa ndugu. Aliketi nje kwenye masufuria, akachochea moto, akaosha bakuli, usiku kucha na kesho yake. Jumatano mchana walipozika alitupa udongo wake kama wengine, akashuka mtoni peke yake. Nne, sita. Asubuhi yake alisimama mlangoni kwa mazoea, akaangalia ng'ambo. Akageuka ukutani. Nukta ilikuwa inawaka.

*

Alhamisi mguu ulipasuliwa. Vidole viwili viliondoka, mguu ukabaki. Ijumaa Daktari Namsifu alipanda mwenyewe na gari, akaleta mkate na majani ya chai, akaketi kwenye kigoda bila kuvua koti.

Alisema sasa Yusta anaweza kulia. Wamepata njia. Kituo kinahifadhi mapigo yote ya kila mwegemewa tangu siku ya kwanza. Wangeizima kunde ya Yusta polepole, na mahali pake wangeweka mapigo yake yeye mwenyewe ya mwaka jana, Machi kwa Machi, mchana kwa mchana, usiku kwa usiku. Mwenza ataendelea kuegemea, hatatambua lolote. Yusta atalia mpaka amalize, mwezi mmoja au mitatu, kisha arudi.

"Kwa hiyo nitakuwa namtuliza huku nimelala chini nalia," Yusta alisema.

"Ndiyo."

"Na yeye atafikiri niko naye."

"Mwili wake utafikiri hivyo."

Yusta alimmiminia chai. Alisema alifikiri kwa muda mrefu, mpaka chai ya daktari ikapoa. Jambo lile lilikuwa jema kwa pande zote. Angeweza kupanda kesho kwa Tuntufye, akasimama langoni, akakitoa kilio chote, akapokelewa. Mwenza angepona mguu. Hakuna ambaye angeumia.

"Uliniambia nini juu yake siku ya kwanza?" aliuliza. "Kwamba amedanganywa na watu aliowaegemea."

"Wengi wao, mama, tangu mdogo. Mama yake alikuwa anamwambia anakwenda dukani, anarudi baada ya wiki."

"Basi mimi nisiende dukani."

Daktari aliweka kikombe chini. Alisema ukweli wake ni kwamba hawajui. Katika utafiti wote hakuna mwegemewa aliyewahi kufiwa akabaki hewani. Wamechagua watu watulivu na kuwaomba wabaki watulivu. Huzuni kubwa ikipita kwenye kunde, mwenza mwenye haiba ile na damu yenye sukari ile anaweza kung'oa kila kitu na kuondoka. Au moyo wenyewe ukashindwa. Alisema hawezi kumshauri alie, na hawezi kumkataza.

Yusta alimuuliza kama amewahi kumlisha mtoto aliyetoka kwenye njaa. Daktari alikuwa amesoma hilo kitabuni. Yusta alikuwa amelifanya kwa mikono, mwaka ambao viazi vyote vilioza kwa mvua, watoto wa kijiji wakavimba miguu. Mtoto wa namna hiyo ukimpa bakuli zima la uji anakufa nalo. Unampa kijiko kimoja. Unangoja. Unatazama macho yake. Kesho vijiko viwili.

"Nitampa hivyo," alisema. "Asubuhi, nukta ikishawaka, nijue amejidunga sindano na amekula. Wewe tazama mashine yako. Ukiona hawezi, nipigie, nitafunga mdomo."

*

Jumapili alianza. Nukta ilipowaka alitoka shambani. Alikuwa amejipimia, kutoka tuta la kwanza la viazi mpaka tuta la pili, basi. Akajiruhusu kumfikiria Ezelina, akichagua kitu kidogo, kile kikombe chake cha bati chenye mpini uliounguzwa. Machozi yakaja. Alipofika tuta la pili akasimama, nne ndani, sita nje, akarudi ndani kupika.

Kulia hivyo ni kazi ngumu kuliko kutolia. Alisema ni kama kufungua mlango wa zizi utoke mbuzi mmoja, wakati wote wamesimama hapo wanasukuma.

Daktari alipiga simu mchana. Mwenza moyo wake ulipanda, akaacha kula, akamshika nesi mkono na kumuuliza nani amekufa. Nesi akasema hakuna aliyekufa. Mwenza akamwita mwongo. Lakini hakuondoka kitandani.

Jumatatu tuta moja na nusu. Jumanne matuta mawili, na kumbukumbu kubwa kidogo, siku Ezelina alipombeba mgongoni kuvuka mto uliofurika, wote wawili wadogo, Ezelina anapiga kelele za woga na bado anatembea. Jumatano nukta haikuwaka saa moja. Yusta aliketi chini yake akiwa na kikapu cha maharage, anapukuchua bila kutazama mikono. Iliwaka saa nne. Siku hiyo hakulia hata kidogo. Alhamisi akarudi tuta moja.

Wiki ilikwenda hivyo. Ng'ambo hapakutoka moshi. Watu waliokuwa wakipita njia ya juu hawakuingia kusalimu. Aliwaona kwa mbali wanapunguza sauti wakifika usawa wa nyumba, wakishapita wanapandisha. Siku nyingine alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, akajikuta anakiambia kibao, haya, leo umewahi.

Jumatatu ya pili, siku ya tisa, nukta haikuwaka saa moja wala saa nne. Saa sita haikuwaka. Alipiga simu kwa daktari ikaita bila kupokelewa. Aliweka viazi jikoni akasahau kuwasha moto. Alijiambia, nimemmwagia bakuli zima. Kisha akaanza kuhesabu, nne, sita, nne, sita, bila kujua kama upande wa pili bado kuna mtu wa kupokea.

*

Saa saba mchana alisikia gari linapanda. Lilisimama chini kwenye mteremko, pale ambapo njia inakuwa ya miguu tu. Kisha akasikia kilio.

Kilikuwa kilio cha langoni, cha ndugu wa damu, kile kinachoanzia njiani. Kilipanda polepole kwa sababu anayelia alikuwa anatembea kwa gongo. Yusta alitoka. Mwanamke wa miaka kama thelathini na sita, mwembamba, mguu wa kulia umefungwa bandeji nyeupe ndani ya kiatu kilichokatwa mbele, kilemba kimelegea, mkono mmoja ameshika gongo, mwingine mfuko wa sukari kilo mbili. Alikuwa analia kwa sauti yote, dada yangu wee, dada yangu wee, jina la marehemu halijui. Nyuma yake Daktari Namsifu alikuwa anafuata kama mtu aliyeshindwa kesi.

Alifika uani, akasimama mbele ya Yusta, akajifuta uso kwa kiwiko.

"Ndiwe wewe," alisema.

"Ndimi."

"Naitwa Sikudhani. Hawa watu wako walinikatalia jina lako miaka miwili. Leo nikawaambia sijidungi sindano mpaka nimwone aliyefiwa."

Daktari alianza kueleza, kwamba ni kinyume cha taratibu zote, kwamba alikataa mpaka saa nne, kwamba angefanyaje. Sikudhani akamwambia anyamaze, mwenye msiba hajaongea. Kisha akamgeukia Yusta, na uso ukabadilika. Yusta alisema aliiona hasira inakuja kama mvua kwenye mlima, inaonekana kabla haijafika.

"Huyu daktari kaniambia njiani. Siku nane umenipa kwa kijiko. Kwa nini ulinipimia? Mimi ni mtoto wa kliniki? Nimekaa wodini najua kuna mtu ananilia kifuani, halafu anakatika. Analia, anakatika. Nikasema haya, na huyu naye ananificha. Na huyu naye yuko njiani kuondoka."

"Niliogopa wewe utaondoka."

"Mimi?"

"Wewe. Uache sindano, utoke wodini, ufe. Nina moshi mmoja umekwisha zimika."

Sikudhani hakuujua moshi ni nini. Aliuweka mfuko wa sukari chini, miguuni pa Yusta. Alipoongea tena ilikuwa kwa sauti ya chini. Alisema msibani kwa mama yake walimtoa nje, kwa kuwa alipigana na shangazi juu ya sanda. Tangu hapo hakuna aliyempelekea habari ya msiba wowote. Ndugu wanakufa, anasikia baada ya mwezi. Alisema, "Sijawahi kuachiwa nimshike mtu."

Akaangusha gongo. Akanyoosha mikono, kama wale wanawake walivyoinyoosha langoni kwa Ezelina.

Yusta hakuhesabu tena. Alisema hakumbuki alikianzia wapi, anakumbuka tu kwamba alisikia sauti ya mzee mmoja inapasuka ikavuka bonde na kurudi, na baada ya muda akajua ni yake. Wote wawili walishuka mpaka chini kwenye udongo wa uani. Daktari alikuwa amekishika mkononi kimashine chake cha kutazamia mapigo, akitazama mistari inavyoruka, kidole juu ya kitufe cha kuzima kunde. Alikaa hivyo, kidole juu ya kitufe, na hakukibonyeza. Baadaye akakitia kimashine mfukoni na kuketi kwenye kizingiti.

Ng'ambo, mbele ya ile nyumba ya bati jekundu, mtu mwenye kanga nyekundu, Yusta alidhani ni Tuntufye, alikuwa ametoka na kusimama. Alisimama muda mrefu akiangalia upande huu. Kisha akaingia ndani.

*

Hakuna aliyepona siku ile, na Yusta hakutaka nifikiri hivyo. Haikupita saa moja Sikudhani alikuwa amekwisha kugombana na daktari kwa sababu ya saa ya kurudi, akamwita askari jela, akamtupia kile kiatu, akamwomba radhi, akamlaumu kwa kupokea radhi haraka. Daktari akasema atakuja kumchukua kesho asubuhi, na kwamba ripoti ya mwezi huo hajui ataiandikaje. Akashuka kwenye gari.

Yusta alichemsha viazi. Sikudhani aliwasha moto yeye, kwa kuni mbichi, kwa kuwa hakuijua misonobari ya huku, na moshi ukajaa jikoni, ukatoka mlangoni, ukapanda. Walikula viazi vitatu vitatu. Ile sukari kilo mbili Yusta aliiweka juu ya rafu, akamuuliza mgonjwa wa sukari anakwendaje dukani kununua sukari. Sikudhani akasema mtu haendi kutoa pole mikono mitupu, na dukani hapakuwa na kingine. Hapo walicheka, kidogo, kama watu wanaojaribu kiti kama kitawabeba.

Kisha Sikudhani alipandisha blauzi akajidunga sindano tumboni, bila kujificha. Juu ya vikombe nukta ya kijani ikawaka. Alipoambiwa ni yake aliinuka kwa mguu mmoja, akaiangalia kwa karibu sana.

"Kumbe ni kadogo hivi," alisema.

Saa tisa alasiri ukungu ulirudi, ukafunga bonde, ng'ambo isionekane. Wamechoka kwa kilio, walijilaza kwenye mkeka mmoja karibu na jiko, mguu wenye bandeji juu ya gunia la maharage. Yusta alilala chali, mikono tumboni, akaanza kupumua kama alivyofundishwa, ili mwenzake apate usingizi. Nne ndani, sita nje. Hajafika mara ya tano akasikia kando yake pumzi nzito, ndefu, ya mtu aliyekwisha zama. Alimwangalia. Miaka miwili mtu huyu hakuweza kulala mpaka yeye alale, na sasa ametangulia.

Basi akaacha kuhesabu. Akasogea kidogo, bega likagusa bega, akaifuata ile pumzi ilikokuwa inakwenda, mpaka naye akalala.